Mwalimu, nikiruka kurasa za hesabu nimepoteza nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpika mahamri na mbaazi, niko Kisauni. Kaka yangu anafanya kazi melini, na safari hii aliniletea riwaya ya Kiingereza ya watu wanne waliokwama angani baada ya chombo chao kuharibika. Kiingereza chake nakielewa, na mwanzo wake ulinishika hata nikachelewa kulala. Nilipofika katikati nikakuta hesabu kurasa kwa kurasa: hewa imebaki kiasi gani, maji kiasi gani, umeme wa siku ngapi. Fizikia niliiacha nilipoingia kidato cha tatu. Nikaanza kuruka, kisha kitabu nikakiweka chini. Kaka anasema sayansi yake ni ya kweli na hiyo ndiyo raha yake. Je, mtu asiyejua fizikia anaweza kuifurahia riwaya ya namna hii? Na nitajuaje kama ni kweli au nadanganywa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimesomesha fizikia katika shule za sekondari hapa Mombasa miaka 26, na swali kama lako nimelisikia mara nyingi, ila sijawahi kuulizwa na mtu aliye tayari kulijibu kuliko wewe. Wewe unapika mahamri. Kila usiku, kabla ya kulala, unajua unga uliobaki utatoa mahamri mangapi, nazi ngapi zitakunwa kwa ajili ya mbaazi, mafuta yatafika asubuhi au yatakukatikia karaini, na makaa yanatosha au la. Tena unajua jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hulikosa: hivyo vyote haviishi pamoja. Kuna kimoja kitakachotangulia, na hicho ndicho kitakachoamua siku yako. Unga ukijaa gunia, mafuta yakiisha hakuna mahamri.

Riwaya uliyoiweka chini inaendeshwa na jambo hilohilo. Kwa hiyo unapofika kwenye ukurasa wa hesabu usijiulize mwandishi amezidishaje na kugawanyaje. Uliza kipi kitaisha kwanza, na kitaisha lini. Ukishajua hivyo umeshajua adui wa sura hiyo ni nani, na hesabu iliyobaki unaweza kuipita kwa haraka bila kupoteza kitu. Ukiiruka yote, umemruka adui. Ndiyo maana kitabu kilipoa mikononi mwako: watu walikuwa wanahangaika na wewe hukuona kinachowakimbiza.

Nikupe kisa kilichotokea kweli, kwa sababu waandishi wa riwaya hizi wote, nadhani, wamekisoma na kukirudia.

Mwezi wa Aprili 1970 chombo cha Apollo 13 kilikuwa njiani kuelekea mwezini na watu watatu ndani: James Lovell, Jack Swigert na Fred Haise. Tarehe 13, wakiwa umbali wa kama kilomita 320,000 kutoka duniani, tangi moja la oksijeni lililipuka. Oksijeni ile haikuwa ya kupumua peke yake. Ilikuwa ikikutanishwa na haidrojeni katika mtambo maalumu, na mkutano huo ndio uliozalisha umeme wa chombo na maji ya kunywa. Basi tangi moja lilipokwenda, hewa, umeme na maji vilikwenda kwa mkupuo. Wakakimbilia katika chombo kidogo kilichounganishwa na kile kikubwa. Kilikuwa kimetengenezwa kuteremsha watu wawili juu ya mwezi na kuwaweka hai kwa saa 45 hivi. Sasa kilitakiwa kubeba watatu kwa muda wa kama saa 90.

Hapo simama ufikiri kama mpishi. Kipi kitaisha kwanza? Kila darasa nililoliuliza swali hili lilijibu kwa sauti moja: hewa! Kumbe oksijeni ya kutosha ilikuwapo. Kilichotishia kuisha ni maji, na si kwa sababu ya kiu. Mitambo ya chombo kile ilipozwa kwa maji. Mitambo ikipata joto kupita kiasi inakufa, na ikifa hakuna anayerudi nyumbani. Mitambo na binadamu wakawa wananyang'anyana mtungi mmoja. Wale watu wakajikatia lita 0.2 kwa mtu kwa siku, kikombe kimoja cha chai, ili kompyuta na vifaa vya mawasiliano vipate kunywa. Wakazima karibu kila kinachozimika, maana kilichozimwa hakipati joto na hakihitaji kupozwa. Ndani kukawa baridi kama friji, kuta zikatoka umande. Haise akaugua ugonjwa wa njia ya mkojo. Waliporudi tarehe 17, katika maji ya chombo kile yalikuwa yamebaki takriban asilimia 9.

Asilimia 9 kwenye karatasi ni namba ndogo tu. Lakini sisi wa mji huu, ambao maji yetu mengine yanatoka Mzima kule Tsavo kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, tunaijua kwa mikono. Mfereji ukikauka wiki nzima na mwenye mkokoteni wa mitungi hajapita, ni yale maji ambayo huwezi kuyateka kwa kata: unalilaza pipa ubavu, unashika kitako kwa mkono mmoja, unakinga sufuria kwa mwingine, na mtoto unamwambia asogee asije akagonga. Lovell na wenzake walifika nyumbani wakiwa wamelilaza pipa. Hivyo ndivyo ninavyotaka uzisome namba za kitabu chako.

Bado kulikuwa na hatari ya pili, na hii imejaa katika riwaya hizi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Ni hewa chafu tunayoitoa wenyewe, kabonidayoksaidi. Mtu mzima huvuta karibu kilo 0.84 ya oksijeni kwa siku na hutoa karibu kilo moja ya kabonidayoksaidi. Kilo moja, binti yangu, nusu ya pakiti ya unga, inatoka puani mwako kila siku na huioni.

Usiku mmoja wa mvua za masika, nilipokuwa nimepanga chumba huko Kibokoni, nilisoma jambo hilo madirisha yakiwa yamefungwa, nikageuza daftari la mwanafunzi na kupiga hesabu kwenye jalada la nyuma. Chumba cha mita tatu kwa tatu, na dari mita tatu. Kilo moja ya kabonidayoksaidi ni zaidi kidogo ya lita 550. Kama chumba kingezibwa kabisa, tundu lolote lisibaki, baada ya siku moja hewa yangu ingekuwa na asilimia 2 ya kabonidayoksaidi, wakati hewa ya kawaida ina kama asilimia 0.04. Siku mbili na nusu, asilimia 5: kichwa kinagonga, unahema kama mtu aliyepanda ngazi mbio, akili inaanza kuchanganyikiwa. Na oksijeni je? Wakati huo ingekuwa imeshuka kutoka asilimia 21 hadi kama 15, yaani ya kukuweka hai bado ipo. Sumu unayoitoa inakuangusha huku oksijeni ingalipo. Nilikwenda nikafungua dirisha, mvua ikaingia, na sikujali.

Kwa hiyo kila chombo cha anga kina vichujio vya kuinasa kabonidayoksaidi. Vya Apollo vilijazwa lithiamu hidroksidi. Katika chombo kikubwa vichujio vilikuwa vya mraba, katika kile kidogo vilikuwa vya mviringo, na vya mviringo havikutosha kwa watu watatu. Vya mraba vilikuwapo tele, ila havikuingia kwenye tundu la mviringo. Mafundi kule Houston, mji wa Marekani ulikokuwa ukiongozewa safari ile, wakakusanya mezani vitu ambavyo wale watatu walikuwa navyo na hawakuongeza hata kimoja: mifuko ya plastiki, makaratasi magumu, mipira ya kupitishia hewa ya mavazi yao, utepe wa gundi. Wakaunda kiunganishi, kisha wakawasomea maelezo kwa redio, hatua moja baada ya nyingine. Kikafanya kazi, na kiwango cha sumu kikaanza kushuka.

Fundi yeyote wa Kongowea angekielewa kifaa kile kwa kukitazama mara moja. Raha ya riwaya ya kunusurika angani kwangu mimi iko hapo hasa: mtu ana vitu saba mkononi, hakuna duka, na akili yake inalazimika kuona ndani ya kitu kazi ambayo hakikutengenezewa. Lakini huwezi kuonja raha hiyo kama hukujua ana vitu gani na ana muda gani. Namba ndizo zinazokuambia.

Sasa nikutetee wewe pia, maana si kila ukurasa wa hesabu unastahili subira yako. Wako waandishi wanaomwaga namba ili tuone kuwa wamesoma. Namba nzuri ni ile ambayo baada yake mhusika anafanya jambo ambalo hakutaka kulifanya: anazima taa ya mwenzake anayeogopa giza, anakula nusu, anaamua kutoka nje. Kama namba imepita na kila mtu anaendelea na mambo yake vilevile, ni pambo, na pambo liruke bila kuona haya. Ukikutana na jina la mtambo usiloufahamu, usikimbilie kamusi. Uliza unaingiza nini na unatoa nini, kama unavyolijua jiko: linaingia makaa na hewa, linatoka joto, moshi na jivu. Mtambo unaoingiza mkojo na kutoa maji safi, mtambo unaoingiza maji na umeme na kutoa oksijeni. Hivyo viwili ni vya kweli, vipo juu angani sasa hivi vikifanya kazi, na kuvielewa kwa kiasi hicho kunatosha kwa riwaya yoyote.

Chakula nitakigusia kwa sababu nakujua utakuwa umekifikiria. Mtu anayefanya kazi anahitaji kama kalori 2,500 kwa siku. Kilo ya viazi mbatata ina kama 770, hivyo angehitaji zaidi ya kilo tatu za viazi kila siku. Kilo ya muhogo mbichi ina kama 1,600, kwa hiyo kilo moja na nusu hivi ingemtosha. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa hasira kabisa mbona wanaanga hawapandi muhogo. Tukajadiliana darasa zima, na jibu lililetwa na msichana ambaye nyanya yake analima Kwale: muhogo haupandwi kwa kiazi chake, unapandwa kwa kipande cha mti. Anayeenda angani na muhogo wa kula hana mbegu, na anayeenda na viazi vyenye macho ana shamba mfukoni. Halafu muhogo utamweka miezi mingi kabla ya kukomaa. Nawaombea waandishi wetu wa pwani walichukue swali hilo walifanyie hadithi, maana fimbo tatu za mti wa muhogo zikibebwa angani ni mwanzo wa riwaya.

Nije kwenye swali lako la pili: utajuaje kama unadanganywa. Sitakupa orodha ndefu. Nitakupa vitu viwili vilivyo jikoni kwako.

Cha kwanza ni chupa ya chai, ile ya kuhifadhi joto. Kati ya kioo cha ndani na cha nje hewa imefyonzwa, pamebaki ombwe. Joto haliwezi kuvuka ombwe kwa kupokezana, linaweza kuvuka kwa mng'ao tu, na kioo kimepakwa fedha ili kuupunguza. Ndiyo maana chai ya alfajiri ni moto hadi adhuhuri. Anga la nje ni ombwe, na chombo kinachosafiri humo kimo ndani ya chupa ya chai isiyo na mwisho. Basi ukisoma kwamba mtu ametupwa nje akaganda kama barafu kwa nukta chache, hapo umedanganywa, kwani joto lake halina pa kukimbilia haraka hivyo. Apollo 13 ilipoa, lakini ilipoa kwa siku kadhaa, karibu mitambo yote ikiwa imezimwa. Kituo kinachoizunguka dunia sasa kina shida iliyo kinyume: kimebeba mabango makubwa meupe nje yake ya kutolea joto.

Na mtu huyo aliyetupwa nje hapasuki pia. Mwaka 1966, huko Houston, fundi aitwaye Jim LeBlanc alikuwa akijaribu vazi la angani ndani ya chumba kilichofyonzwa hewa, mpira wa kupitishia hewa ukachomoka. Alipoteza fahamu baada ya kama nukta 14. Hewa ikarudishwa haraka, akazinduka. Jambo la mwisho alilokumbuka ni mate yake yakichemka juu ya ulimi. Hayakuchemka kwa moto. Maji huchemka mapema kadiri hewa inavyopungua kuyakandamiza. Jirani yako akihamia Nairobi atakuambia mbaazi kule zinachelewa kuiva: ni kwa sababu maji kule yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na sufuria haliwezi kupita hapo hata uongeze makaa. Endelea kupanda, na mwisho joto la mwili wako peke yake linatosha kuyachemsha. Kwa hiyo mwandishi akimpa mhusika wake nukta kumi za kufikiri kabla ya giza, amini.

Cha pili ni chupa tupu ya maji ya plastiki. Itoboe tundu dogo karibu na kitako, ijaze maji, acha mdomo wazi. Maji yatachirizika. Kisha mwambie mtu aiachilie kutoka ghorofani, nawe simama mbali kidogo uangalie lile tundu inapoanguka. Maji yanakoma kutoka! Nilikuwa nikilifanya jaribio hili kila mwaka kutoka ghorofa ya pili ya shule, na kila mwaka walitaka nirudie mpaka chupa ipasuke. Chupa na maji yake vinaanguka pamoja, maji hayana tena uzito wa kujisukuma nje. Wanaanga wanaelea kwa sababu hiyohiyo. Wengi hudhani kule juu mvutano wa dunia umekwisha. Kwenye kituo cha anga, kilomita 400 juu, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa. Wanaanguka muda wote, ila wanakwenda upande kwa kasi ya zaidi ya kilomita saba kwa nukta moja, dunia inajikunja chini yao, hawaifikii. Riwaya inayosema mtu anaelea kwa sababu "hakuna mvutano" imeandikwa na mtu ambaye hakulifanyia kazi somo lake, na mimi huanza kuitilia shaka yote.

Lakini kosa moja huwa nalisamehe. Riwaya za sayari ya Mirihi hupenda dhoruba inayong'oa mitambo. Mirihi ina upepo na vumbi kweli, ila hewa yake ni nyepesi mno, haifiki hata asilimia moja ya kani ya hewa yetu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa kule ungekusukuma kama upepo wa kilomita 13 hapa. Haupati hata kuifyatua leso kambani kama kusi linavyofanya mwezi wa Julai. Nasamehe pale tu uongo huo unapoanzisha taabu. Mwandishi akitumia uongo kuwaingiza watu shidani kisha akawatoa kwa kweli tupu, amenilipa. Akifanya kinyume, shida ya kweli halafu wokovu wa kubahatisha, mimi nakirudisha kitabu nilikokitoa. Angalia pia mazungumzo. Ishara ya redio kati ya dunia na Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu, kutegemea sayari zimekaribiana au zimeachana. Ukiona mtu wa Mirihi anajibizana na wa Houston neno kwa neno kama mko kwenye simu, umeshajua. Mwandishi anayejua kazi yake huutumia ucheleweshaji huo: mama anaongea, mtoto anasikia baada ya dakika kumi, na katika hizo dakika kumi jambo limeshatokea.

Unaweza kusema haya yote ni mambo ya Wazungu wa mbali. Panda matatu ya Malindi, uendelee kaskazini hadi Ngomeni, usimame ufukweni. Baharini utaona majukwaa ya chuma ya kituo cha San Marco, cha Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970, mwaka uleule wa Apollo 13, roketi iliruka pale na setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi moja tu ya kutazama miali ya eksirei kutoka kwa nyota. Kwa kuwa ilikuwa Siku ya Jamhuri, walioituma waliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Walichagua hapa kwa sababu ya kifizikia. Karibu na ikweta ardhi inazunguka kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, mimi na wewe tukiwa juu yake, na roketi inayoelekea mashariki inaipata kasi hiyo bure. Tena mashariki ni bahari tupu, vipande vikianguka haviangukii nyumba ya mtu. Nimepeleka vijana pale mara tatu. Mara zote kuna mmoja aliyenyamaza ghafla, na nikajua huyo amepata kitu.

Nimalizie kwa kisa kimoja cha kuzoezea macho, kwa sababu ndani yake hakuna namba ngumu, na bado sayansi ndiyo inayotisha. Tarehe 16 Julai 2013 Mwitaliano Luca Parmitano alikuwa nje ya kituo cha anga akifanya kazi, amevaa vazi lake. Akahisi maji nyuma ya kichwa. Mfumo wa kupozea vazi ulikuwa umeziba mahali, na maji yakapata njia ya kuingia kwenye kofia. Hapa nyumbani maji yakiingia kwenye kofia yatateremka shingoni, yaishe. Kule hayana uzito wa kuteremka. Yanajikusanya kama tone juu ya jani la mgomba na kung'ang'ania chochote yanachokigusa, na yalichokigusa ni uso wake. Yakatambaa yakafunika masikio, yakapanda machoni, yakaingia puani. Kufuta hawezi, mkono uko nje ya kioo. Akaambiwa arudi ndani. Alipogeuka, jua likazama, maana kule linazama kila baada ya dakika 90 hivi, na redio ikawa haisikiki vizuri. Akarudi kwa kupapasa, akifuata kamba yake ya usalama na kumbukumbu ya njia aliyojia. Yalikuwa kama lita moja na nusu ya maji. Soma tena aya hii taratibu, uone kwamba kila hatua ya hofu imetokana na jambo moja dogo: maji yasiyo na uzito hayateremki. Riwaya nzuri ya anga inakufanyia hivyo kurasa mia tatu.

Basi kichukue kitabu ulipokiacha, usirudi mwanzo. Weka daftari lile unaloandikia madeni ya wateja, fungua ukurasa mpya, andika maneno manne: hewa, maji, chakula, umeme. Kila sura ikiisha andika mbele ya kila neno siku zilizobaki, hata kwa kukisia. Ukiona neno moja limeanza kuachwa nyuma na mengine, huyo ndiye wa kumtazama. Ukikuta mwandishi amemsahau, niandikie, nami nitafurahi zaidi kuliko kama ungenisifu.

Jambo jingine ni hili. Unaamka saa kumi alfajiri. Kile kituo cha anga huizunguka dunia kwa kama dakika 90, na yako majuma kinapita juu ya Mombasa kabla ya mapambazuko, jua likiwa bado halijafika kwetu lakini kule juu limeshakipiga. Utaona nuru nyeupe, kali kuliko nyota, haimetimeti wala haina taa za kuwakawaka kama ndege, inatoka upande wa magharibi na kuvuka kwa dakika chache tu kuelekea baharini. Ndani yake mna watu, na jasho lao, pumzi yao na mkojo wao vinachujwa kuwa maji ya kunywa. Mwaka 2023 mitambo yao ilifikia kurudisha asilimia 98 ya maji hayo. Ukishabandika karai na mafuta hayajapata moto, toka nje uangalie juu.